INDRA MUNGU, KIWANUKA SHETANI? Haja ya kipimo kimoja katika uhakiki wa visasili

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili zoezi la tafsiri ambalo tulilidhania jepesi. Tulichagua vifungu viwili vifupi, kimoja cha Kiingereza na kimoja cha Luganda. Cha kwanza kilimhusu Indra, ambaye katika dini ya Kihindu ndiye mwenye mvua na radi. Cha pili kilimhusu Kiwanuka, ambaye Waganda wa kale walimjua kuwa mwenye radi na umeme. Mwanafunzi alitakiwa avitafsiri vyote kwa Kiswahili sanifu, kisha aongeze aya moja ya uhakiki. Lengo letu lilikuwa msamiati wa hali ya hewa tu.

Tulipoketi kusahihisha tukakuta jambo tusilolitarajia. Karibu kila daftari lilimwita Indra “mungu wa mvua na radi”. Kiwanuka, kwa upande wake, aliitwa “pepo wa radi”, “jini la radi”, “mzimu”, na katika madaftari kadhaa “shetani wa radi”. Anga ni ile ile, kazi ni ile ile na silaha ni ile ile, lakini mgeni kapewa uungu na mwenyeji kapewa ushetani. Mmoja wa walioandika “shetani” ana jina hilo hilo la Kiwanuka. Jina lake liko juu ya ukurasa, na shetani yuko mstari wa nne.

Hatukumkata alama, kwa sababu kosa hilo si lake peke yake. Ni la walimu wake pia, sisi tukiwamo. Makala haya yana dai moja: uhakiki wa visasili haustahili jina la uhakiki mpaka mhakiki atumie kipimo kimoja kwa cha kwao na cha wengine.

Maneno yenyewe

Tuanze na msamiati, maana ndiyo kazi yetu. Kiswahili kinatofautisha mambo matatu ambayo wanafunzi wengi huyachanganya. Umeme ni ule mwanga unaoonekana, ngurumo ni ule mshindo unaosikika, na radi aghalabu ni lile pigo lenyewe linaloangukia mti, nyumba au mtu. Hapa Uganda neno umeme lina mkosi wake, kwani kuanzia mwaka 2005 hadi 2025 lilikuwa pia jina la kampuni iliyosambaza nguvu za umeme, na mwanafunzi akilisoma hufikiria bili kabla ya mawingu. Luganda nacho kinatofautisha: mwanga humyansa, mshindo hubwatuka, na pigo huitwa laddu. Kwa hiyo silaha ya Indra, iitwayo vajra katika Kisanskriti, tafsiri yake ni radi, wala si ngurumo.

Tatizo kubwa liko katika neno mungu. Kisanskriti humwita Indra deva. Luganda humwita Kiwanuka lubaale, na wingi wake ni balubaale. Waganda hawamchanganyi lubaale na Katonda, Muumba wa vyote. Mwanafunzi anayejua tofauti hiyo hushikwa na woga kila anapotaka kuandika “mungu Kiwanuka”, akidhani kwamba anamshirikisha Mwenyezi Mungu na kiumbe. Woga huo tunauheshimu. Ajabu ni kwamba haumshiki anapofika kwa Indra, ilhali Indra naye si muumba wa vyote kwa Wahindu wenyewe. Ni mfalme wa madeva, na mwenye cheo kinachoweza kupokonywa.

Hata sarufi imo katika ugomvi huu. Mungu wingi wake ni miungu, kama mtume na mitume. Je, tuseme “miungu wengine” au “miungu mingine”? Tafsiri ya Biblia iliyozoeleka zaidi imechagua “mingine”, upatanisho wa miti na mikeka. Hapo upatanisho wenyewe ni hoja ya kidini: miungu hiyo si hai, ni vitu vilivyochongwa. Mtafsiri wa Biblia ana haki ya hoja yake. Mhakiki wa hadithi ambamo miungu wanasema, wanakasirika, wanapigana na kushindwa, anahadithia wahusika, na wahusika wana ngeli yao. Ushauri wetu basi ni huu: kwa wote wawili tuandike mungu kwa herufi ndogo, au kwa wote wawili tubakize majina ya kwao, deva na lubaale, na kuyaeleza mara moja. Lolote kati ya hayo linafaa, alimradi halibadiliki tunapovuka kutoka kwa jirani kuja nyumbani.

Indra ni nani?

Rigveda ina tenzi 1028, na yapata robo yake zimeelekezwa kwa Indra. Hakuna mwingine aliyesifiwa mara nyingi hivyo. Jina lake linaonekana pia katika mkataba wa Wahiti na Wamitani wa karne ya 14 kabla ya Kristo, ambapo ametajwa miongoni mwa mashahidi wa kiapo. Sifa yake kubwa ni kumuua Vritra, joka lililojizungushia mlima na kuyafungia maji. Indra alilipiga kwa vajra, maji yakafunguka na mito ikakimbilia baharini. Jina Vritra lina maana ya kizuizi. Kwa hiyo kisasili hiki, kikisomwa kwa makini, hakimsifu Indra kwa kuwa na maji. Kinamsifu kwa kumpiga aliyeyazuia.

Hata hivyo sifa hazikudumu. Katika maandiko ya baadaye, hasa Bhagavata Purana, Indra huyo huyo anatolewa kasoro. Wachungaji wa Vrindavan walikuwa wakijiandaa kumtolea sadaka yake ya kila mwaka. Krishna, akiwa bado mtoto, akamuuliza baba yake Nanda kwa nini wamlishe Indra, ilhali riziki yao inatokana na ng’ombe na malisho ya mlima Govardhan. Wakaupa mlima ile sadaka. Indra akaghadhibika, akafungulia mvua ya kuangamiza kijiji. Krishna akaunyanyua mlima wote kwa kidole kidogo, akaushika kama mwavuli siku saba, watu na mifugo wakajificha chini yake. Mwishowe Indra akashuka kuomba radhi.

Kisa hiki kiko hai karibu nasi. Siku inayofuata Diwali, katika mahekalu ya Kihindu, hupangwa vyakula tele mbele ya sanamu katika sherehe ya Annakut, yaani mlima wa chakula. Kampala inazo familia zenye asili ya Gujarat zinazokifahamu tangu utotoni. Nyingine zilifukuzwa na Amin mwaka 1972 na kurejea miaka mingi baadaye.

Wanafunzi wetu walikipenda kisa cha Govardhan. Waliandika kuwa ni ishara, ni sitiari, ni hoja juu ya utawala na walipa kodi. Mmoja aliandika kwamba Krishna ni mhakiki wa kwanza, kwa kuwa alithubutu kuuliza kwa nini. Hiyo ni kazi safi. Twauliza tu: ustadi huo ulikwenda wapi walipogeuza ukurasa?

Wenye mawingu wa nyumbani

Kiwanuka jina lake linatokana na kitenzi cha Luganda okuwanuka, yaani kudondoka kutoka juu. Ni jina lenye sarufi nzuri na picha kamili ya radi. Waganda hawakulificha. Joseph Kiwanuka alilichukua hadi kwenye uaskofu wa Masaka mwaka 1939, na Benedicto Kiwanuka alikuwa nalo alipokuwa waziri mkuu mwaka 1962 na baadaye jaji mkuu. Kanisa lilimpa mtu huyo mitra bila kumtaka aache jina la lubaale.

Mwingine ni Kibuuka, lubaale wa vita. Inasimuliwa kwamba Kabaka Nakibinge alipozidiwa na Wanyoro aliomba msaada visiwa vya Ssese, na Mukasa, lubaale wa ziwa, akampeleka ndugu yake Kibuuka. Kibuuka alipigana akiwa juu, amejificha ndani ya wingu, akiwamiminia adui mishale. Alikuwa ameonywa asimwambie mateka yeyote mahali anaposimama. Akamwamini mwanamke wa Kinyoro aliyetekwa, mwanamke akatoroka na ile siri, na siku iliyofuata wapiga mishale wa Bunyoro wakalilenga wingu. Kibuuka akajeruhiwa, akaangukia juu ya mti kule Mbaale, Mawokota, na akafa.

Tuvilinganishe sasa. Indra yumo mawinguni, na Kibuuka yumo mawinguni. Indra ana vajra, na Kibuuka ana mishale. Indra anaangushwa na swali la mtoto, na Kibuuka anaangushwa na mateka asiye na silaha. Visa vyote viwili vinasema neno moja zito: aliye juu ya wingu si salama, na anayemwangusha ni yule asiyehesabiwa. Ikiwa Govardhan ni hoja juu ya utawala, Kibuuka ni hoja hiyo hiyo, tena ina uchungu zaidi, kwa kuwa Indra aliomba radhi na kurudi kwenye kiti chake, na Kibuuka hakurudi.

Na kile kisa cha Kintu ambacho kila mtoto wa Buganda amekisikia? Ggulu, baba yake Nambi, ambaye jina lake ni mbingu yenyewe, anamjaribu Kintu kabla ya kumwoza binti. Jaribio mojawapo ni kujaza chungu kwa umande. Mwenye mbingu anamdai binadamu maji! Mwanafunzi aliyeona sitiari katika kidole cha Krishna angeona nini katika chungu hiki, kama angekiangalia kwa jicho lile lile?

Pingamizi mbili

Tulipolijadili jambo hili darasani, wanafunzi walitujibu kwa hoja mbili, nazo zinastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza ilikuwa kwamba Indra ana maandiko, na Kiwanuka ana maneno ya mdomo tu, tena mengi yaliandikwa na wamisionari kama John Roscoe, ambaye kitabu chake juu ya Waganda kilitoka mwaka 1911. Tunajibu kuwa Rigveda nayo ilikaa vinywani karne nyingi kabla ya kuandikwa, ikifundishwa silabi kwa silabi kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi. Ni fasihi simulizi iliyohifadhiwa kwa nidhamu kuliko vitabu vingi. Mwalimu wa fasihi simulizi akisema kuwa cha mdomo hakina hadhi, anakata tawi alilokalia.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Mwanafunzi mmoja alisema: “Mwalimu, Indra hatuumizi. Lakini watu wetu bado wanaamini kwamba radi hutumwa na mtu. Tukimpa Kiwanuka heshima, tutakuwa tumewapa nguvu wanaomsingizia jirani uchawi kila radi inapopiga.” Hoja hii haitoki vitabuni. Mwambao wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Mwezi Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Tarehe 2 Novemba 2024 iliua watu 14 waliokuwa wakisali katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilayani Lamwo. Baada ya msiba wa namna hiyo, anayenyooshewa kidole huwa hatarini.

Tunakubali hatari hiyo, lakini tunakataa dawa yake. Kisasili cha Kiwanuka kinasema radi ina mwenyewe huko juu. Hakisemi jirani yako aliinunua. Imani ya kwamba radi hununuliwa na kutumwa ni jambo jingine, na mwalimu anayeviita vyote viwili “ushetani” amevichanganya mwenyewe, na kumwachia mwanafunzi woga mmoja usiochambulika. Kinga ya radi ni chuma kilichosimikwa juu ya paa na waya wa kuipeleka ardhini, na hilo lifundishwe bila kigugumizi katika somo lake. Kisasili kifundishwe kama kisasili katika somo letu. Mwanafunzi wa India hujifunza vyote viwili, Indra na fizikia, na hakuna anayemwambia achague kimoja.

Somo la Kamwokya

Baada ya mjadala huo tuliona ni vyema tutoke darasani. Tulishuka Wandegeya, tukapita Mulago, tukafuata Barabara ya Kira hadi Makumbusho ya Uganda, yaliyoko mlimani Kitante, hatua chache kabla ya kuingia Kamwokya. Makumbusho hayo yalianza mwaka 1908 kwenye kilima cha Old Kampala, na yakahamia hapa mwaka 1954. Wenyeji waliyapa jina la Nyumba ya Mayembe. Jjembe ni pembe, na hasa ile pembe iliyotiwa dawa na kukaliwa na roho, kwa sababu vifaa vya ibada ndivyo vilivyowashtua watu pale mwanzoni. Masalia ya Kibuuka, ambayo Roscoe aliyapeleka Cambridge, yalirudishwa baada ya uhuru wa 1962 na kuingia katika makumbusho haya. Mwaka 2024 vilirudi vifaa vingine 39 kutoka chuo hicho hicho, safari hii kwa mkopo.

Tuliwauliza wanafunzi: mtu anakopeshwaje kilicho chake? Walicheka. Kisha mmoja wao, aliyekuwa ameandika “pepo”, akasema taratibu kwamba anayekiita kitu chake cha shetani hawezi kukidai.

Tulipotoka, mvua ikatukuta barazani. Ilikuwa mvua ya kwetu ile ya mchana, iliyotanguliwa na upepo na ngurumo mbili tatu upande wa ziwa. Wanafunzi wawili wanaishi Kamwokya, mabondeni, na mara moja wakatoa simu kupiga nyumbani: je, mfereji umejaa, na vitu vimepandishwa kitandani? Mvua inyeshayo Kololo, kwenye mabalozi na nyua za nyasi, haikai Kololo. Hushuka mtaani kwao.

Hapo Govardhan ikasomeka upya, wala si sisi tuliyeisoma. Mmoja wa wale wawili alisema kuwa Krishna aliunyanyua mlima ukawa paa, lakini kwao mlima ndio unaowamwagia maji. Mwenzake akaongeza kuwa magazeti yakiandika “mvua yaua”, sentensi hiyo imemfanya Indra kiima, na aliyejenga juu ya mfereji hayumo kabisa katika sentensi. Tuliandika maneno hayo palepale. Hatukuwa tumewafundisha hivyo. Walifundishwa na kisasili cha Kihindu kilichosomwa na wakazi wa Kamwokya.

Naam, huo ndio uhakiki tunaoutaka. Na tukawauliza: kama Indra anaweza kuwafumbua macho juu ya mfereji wenu, Kibuuka na wingu lake wangewafumbua macho juu ya nini, kama msingekuwa mmewafunga mdomo kwa neno moja?

Hitimisho

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hatusemi msala utupwe. Tumeukalia na umetufaa. Twasema mbacha usiitwe najisi.

Baada ya mvua kukatika, upinde ulionekana upande wa Bukoto. Kiswahili huuita upinde wa mvua. Kihindi huuita indradhanush, upinde wa Indra. Waganda huuita musoke, nalo ni jina la lubaale na la maelfu ya watu walio hai. Yule mwanafunzi aitwaye Kiwanuka aliutazama, akasema kwamba atalirudia zoezi lake. Tulimwambia kwamba alama hazitabadilika. Akasema anajua.

Maswali ya kujadili darasani

1. Tafsiri neno lubaale kwa Kiswahili katika sentensi tatu tofauti. Eleza ni hukumu gani iliyojificha katika kila chaguo lako.

2. “Miungu wamekasirika” na “miungu imekasirika”: jadili tofauti ya kimaana, ukizingatia msimamo wa msemaji.

3. Linganisha namna Indra anavyoshindwa na namna Kibuuka anavyoshindwa. Ni yupi kati ya fanani wawili anayemwonea huruma aliyeshindwa?

4. Tafuta kichwa cha habari kuhusu mafuriko. Kiandike upya ili mvua isiwe kiima. Nani amejitokeza katika sentensi yako?